Mashine inaandika brifu kwa dakika tano: mtu wa mikakati abaki na nini?

Swali: Shikamoo. Nina miaka 27, na huu ni mwaka wangu wa nne katika idara ya mikakati ya kampuni moja ya matangazo hapa Dar es Salaam. Tulikuwa watano, sasa tumebaki wawili. Mwezi uliopita mkurugenzi alitukalisha, akatuonyesha jinsi akili mnemba inavyoandika brifu, ule waraka wa kuwaelekeza wabunifu wa tangazo, kwa dakika tano, kisha akasema kwa upole kwamba mwakani huenda idara isiwepo. Kazi hii ina mustakabali kweli? Nikae, nihamie upande wa mteja (kampuni zinazotuajiri kuwatangazia bidhaa), au nikasomee takwimu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonikaa kichwani ni zile dakika tano. Mkurugenzi wenu aliweka brifu ya mashine karibu na zenu, na kwa unavyosimulia hakuna aliyenyoosha mkono kuonyesha tofauti. Basi nami nina swali: zenu mlikuwa mnaziandikaje? Nadhani najua, maana katika miaka 22 ya kazi hii, Nairobi kwanza na baadaye Dar, nimeandika za namna hiyo nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Unafungua ripoti ya mwaka jana, unachota aya mbili za utafiti aliolipia mtu mwingine, unaongeza sentensi kuhusu "vijana wa mjini wanaopenda mambo mapya", unapamba slaidi, unatuma saa nne usiku. Kazi hiyo ya kuchota na kupamba imekwisha, na haitarudi. Usiililie.

Ila hiyo siyo kazi iliyoanzishwa hapo mwanzo. Nirudi nyuma kidogo, univumilie.

Ilikuwa London, 1968. Stephen King (siye yule mwandishi wa riwaya) aliunda idara mpya ya mikakati ndani ya kampuni ya matangazo ya J. Walter Thompson, na mwaka huohuo Stanley Pollitt na wenzake wakafungua Boase Massimi Pollitt (BMP), kampuni iliyojengwa juu ya wazo alilokuwa amelijaribu tangu 1965 mahali pengine. Kilichomkera Pollitt kilikuwa jambo la ofisini tu. Takwimu zilikuwa zimeongezeka: za mauzo, za wasikilizaji, za wanunuzi. Lakini mtafiti alikaa chumba cha nyuma akingoja kuitwa, na msimamizi wa mteja, yaani mtu wa kampuni ya matangazo anayeshughulika na mteja, ndiye aliyechagua namba za kwenda nazo kwenye kikao. Na unajua alichagua zipi: zile zilizounga mkono tangazo ambalo lilikuwa limeshaamuliwa. Pollitt akamtoa mtafiti chumba cha nyuma, akamkalisha meza moja na msimamizi, wakiwa sawa, na kumpa jukumu la kumsemea mnunuzi hata pale mnunuzi anapowaharibia wenye tangazo raha yao. Kwake, mtu wa mikakati alikwenda mwenyewe kukaa na akina mama sebuleni, mkononi ana tangazo ambalo bado ni mchoro, asikilize wanalisema nini.

King alikuwa na jicho la mbali zaidi. Idara yake ilichukua watu wa masoko na watu wa kupanga nafasi za matangazo kwenye vyombo vya habari, kwa hiyo walizungumza kwa pamoja: chapa hii inashindana na nini, nani hainunui na kwa nini, pesa ziwekwe wapi. Miaka ya baadaye aliwapanga watu wa kazi yetu kwenye mstari mmoja, upande huu wenye mikakati mikubwa, upande ule wakarabati wa matangazo. Huo mstari bado upo. Jipime mwenyewe umesimama wapi.

Nyumba zote mbili zilizoizaa kazi hii leo hazipo kwa majina. J. Walter Thompson, jina la tangu karne ya 19, liliunganishwa na lile la kampuni nyingine, Wunderman, mwaka 2018, kisha likatoweka kabisa WPP, kundi linalozimiliki, ilipotangaza kuunda VML mwaka 2023. BMP ilimezwa na DDB, kampuni ya kundi la Omnicom, na Omnicom ilipomaliza kulinunua kundi jingine, Interpublic, mwishoni mwa 2025, jina la DDB nalo likaingia kwenye yale ya kustaafishwa. Kwa hiyo mtu akikuambia idara itakufa, mwamini. Idara hufa, hata zile mama. Wewe unauliza kuhusu kazi, nayo ina historia nyingine.

Kwa maoni yangu pigo kubwa liliipata kazi hii zamani, mashine hazijafika. Kwa miongo mingi kampuni za matangazo zililipwa kwa kamisheni: ukinunua nafasi gazetini au muda redioni kwa niaba ya mteja, unabaki na asilimia 15. Humo ndani ya asilimia 15 mlikuwa na kila kitu, mchoraji, mwandishi, mtu wa mikakati na chai. Fikra hazikuwa na bei yake. Kisha ununuzi wa nafasi katika vyombo vya habari ukatengwa na kuwa na kampuni zake: Saatchi wakaanzisha Zenith mwaka 1988, na mwaka 1997 idara za ununuzi huo za J. Walter Thompson na Ogilvy zikaunganishwa kuwa Mindshare. Pesa zikaondoka na waliohama. Mtu wa mikakati akabaki na wabunifu, bila kuona tena bajeti inakwenda wapi, akaachiwa maneno. King alikuwa ameunda idara ya kusimamia pesa na maneno kwa pamoja. Nusu yake ikahamia jengo jingine.

Sasa fungua ankara ya mwisho mliyompelekea mteja wenu. Tafuta mstari wenye neno "mkakati" na bei yake mbele. Nakubashiria haupo. Utakuta utengenezaji wa tangazo, usimamizi wa kurasa za mitandao, mabango, labda "ada ya mwezi". Mkakati mliutoa bure kwenye zabuni, na mkautoa kwa kurasa 80 ili mteja aone mmejituma. Kitu kinachotolewa bure kwa kurasa 80 mashine itakiua, maana mashine nayo hutoa bure, na kurasa 80 si kitu kwake. Hapo mkurugenzi wako hesabu yake haina kosa. Anakata gharama isiyo na mapato.

Nikusimulie chupa ya mafuta, ndipo tutaelewana kilichobaki ni nini.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mteja wa mafuta ya kula, chupa ya lita moja, lebo nzuri. Utafiti alioulipia ulikuwa wa uhakika kuliko tafiti nyingi: wahojaji hawakuuliza tu, waliingia jikoni na kuomba waonyeshwe chupa. Chupa yetu ilikuwa jikoni mwa kaya nyingi mno za Dar. Tukafurahi. Tukatengeneza tangazo la kuwashukuru akina mama kwa kutuamini. Mauzo hayakusogea hata kidogo, mteja akaanza kutuangalia kwa jicho la pembeni, na mimi ndiye niliyekuwa nimeandika brifu.

Nikaenda Mbagala Rangi Tatu, pembezoni mwa Dar. Sikuenda na dodoso. Nilimwomba Mangi mmoja, mwenye duka la mtaani, anipe kreti la soda la kukalia karibu na kaunta, nikakaa kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku. Kwenye saa kumi na moja wakaanza kuja watoto. Kila mtoto ana chupa mkononi, na nyingi zilikuwa zetu, lebo imeshika moshi, kizibo kimeshapotea na badala yake kuna karatasi ya nailoni. "Mafuta ya mia tano." Mangi anashusha dumu la lita 20 la mafuta mengine kabisa, anapima kwa kikombe, anamimina. Asiye na hela anaandikwa kwenye daftari. Chupa yetu ilikuwa imenunuliwa mara moja, pengine sikukuu ya mwaka juzi, na tangu hapo ikawa chombo. Chupa ilikuwa yetu, mafuta hayakuwa yetu.

Hakuna aliyewadanganya wahojaji. Hakuna aliyekosea kuhesabu. Swali ndilo halikuwepo, kwa sababu sisi tulioandika maswali tulikuwa watu wa kununua lita tano supamaketi mwisho wa mwezi. (Usifikiri mambo yaliisha vizuri. Nilishauri pakiti ndogo ya bei ya mia tano. Mteja akasema mtambo wa kufungashia ni ghali, akaahirisha, na mwingine akaja akaifanya. Wakenya wana jina la biashara hiyo, kadogo, na wengi wametajirika nayo. Kuona ni nusu ya kazi. Kumfanya mtu aamini ulichokiona ni nusu nyingine, na mimi siku ile nilishinda ile ya kwanza tu.)

Hivi karibuni nikafanya jaribio. Siku hizi kuna wanaouza wahojiwa wa bandia: unaiambia mashine iwe mtu fulani, unaihoji, unaokoa gharama ya kwenda mtaani. Nikaiambia iwe mama wa miaka 34, Mbagala, watoto watatu, anauza vitumbua asubuhi. Nikamuuliza ananunuaje mafuta ya kupikia. Kiswahili chake kilikuwa safi kama cha taarifa ya habari. Alisema hulinganisha bei, huangalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na hupenda chupa ya lita moja kwa kuwa huhifadhika vizuri. Hakutaja kupima. Hakutaja daftari la Mangi wala mtoto anayetumwa. Kisha nikamtajia: "Na mafuta ya kupima, hununui?" Akakubali papo hapo, akanieleza sababu za watu kupima, moja baada ya nyingine, vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi.

Tafadhali rudia kusoma hapo. Mashine haikuwa mjinga. Ilijua, ila ilingoja iulizwe, na wa kuuliza ni yule aliyewahi kukalia kreti la soda. Shahidi wa aina hii, anayekubali kila unachomwongoza, hafai kusimama peke yake. Nami naitumia mashine kila siku, kufupisha ripoti, kupanga maelezo ya mahojiano, kunipinga ninapokuwa nimejiamini kupita kiasi. Kwa kunipinga hasa ni nzuri, haina haya. Lakini sehemu kubwa ya biashara ya nchi zetu haijaandikwa popote. Iko kwenye daftari lenye jalada lililochanika, kwenye sauti za WhatsApp, kwenye maneno ya kijiweni. Wenzetu wa London wanashindana na mashine iliyosoma maisha ya wateja wao. Wewe unashindana na mashine ambayo ya wateja wako imeyasoma kidogo tu. Hilo ni pengo, na pengo ni bei. Sisemi litadumu milele. Miaka kumi, labda. Kwa umri wako miaka kumi inatosha kujenga jina.

Kuhusu upande mwingine wa mashine, ule wa kutengeneza na kusambaza matangazo, sitachukua muda mwingi. Mwaka 2025 Mark Zuckerberg alieleza bila kuficha anakotaka kufika: mfanyabiashara aseme lengo lake, aunganishe akaunti ya benki, na mfumo umalizie yote, picha, maneno na walengwa. Kwa dada anayeuza viatu Instagram kutoka Kariakoo hiyo ni habari njema, na hakuwahi kukuajiri. Kwa mteja mkubwa ni nafuu nzuri kwa matangazo ya "nunua sasa". Ila mfumo unajifunza kutokana na kile unachokiona. Kwetu mauzo mengi yanaishia kwenye kaunta ya duka, au kwenye ujumbe wa WhatsApp na malipo ya simu, mahali ambapo tangazo halijui kama lilifanikiwa. Mtu wa kuunganisha ncha hizo mbili bado anahitajika.

Nataka nikupe mfano wa kazi yetu ikifanywa vizuri, na nachagua ambao wengi hawauhesabu kuwa kazi yetu. M-Pesa ilipoanza kujaribiwa Kenya, Oktoba 2005, haikuwa ya kutumiana pesa. Vodafone na Safaricom, wakisaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, walitaka wakopaji wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, walipe marejesho kwa simu. Wakachukua mamia machache ya wateja, Nairobi na Thika, na wakakaa kuangalia. Watu wakafanya mambo yao. Huyu alilipa rejesho la mwenzake kama malipo ya kazi aliyofanyiwa. Yule mwenye duka aliweka mauzo ya siku kwenye simu kwa sababu benki ilikuwa imeshafunga. Wengine waliweka fedha mji mmoja na kuzitoa mji wa pili saa chache baadaye ili wasisafiri nazo mfukoni. Wengine walinunua muda wa maongezi na kuwarushia ndugu waliokuwa mbali. Mpango ulikuwa mikopo, lakini watu walikuwa wanasafirisha pesa. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, mikopo iliwekwa kando na ujumbe ukawa mmoja: tuma pesa nyumbani.

Huo ndio mkakati. Hauhitaji slaidi 80. Kuna mtu aliyetazama wanachofanya watu badala ya alichotaka wafanye, na kuna mtu aliyekuwa na ujasiri wa kuacha mengine yote, malipo, akiba, mikopo, akabaki na jambo moja. Hapo kwenye kuacha ndipo mashine inaponichosha zaidi. Ukiiomba mawazo inakupa kumi, yote yana akili, na hakuna hata moja inayokuwa tayari kulitetea mbele ya mkurugenzi wa fedha aliyekunja mikono.

Na mfano huohuo una nusu ya pili inayowahusu ninyi wa Dar. Vodacom ilizindua M-Pesa Tanzania mwaka 2008. Miezi 14 baada ya kuzinduliwa, Kenya ilikuwa imefikia wateja wapatao milioni 2.7. Tanzania, kwa muda uleule, 280,000. Huduma ileile, jina lilelile. Safaricom ilikuwa imeshika sehemu kubwa mno ya soko lake, wakati Vodacom ilikuwa kampuni moja kati ya kadhaa zinazogombania wateja. Nchi ni pana, mawakala wako mbalimbali, na watu hawajamiminika mji mmoja wakiacha familia zao upande mmoja. Mambo yalikuja kukaa sawa baadaye, kama unavyojua, baada ya kazi kubwa ya mawakala. Lakini kila ninapoona brifu "ya Afrika Mashariki" iliyoandikwa Nairobi na kutumwa Dar kwa barua pepe, nakumbuka namba hizo mbili.

Jambo jingine ambalo mkurugenzi wako hajaliona, na mashine zitalichelewa: lugha. Sisi tunafikiri mkakati kwa Kiingereza, tunaujadili kwa Kiingereza, kisha Ijumaa saa kumi tunamwambia kijana "tia Kiswahili". Nimewahi kuketi kwenye kikao ambapo mteja alitaka kusema jiko lake la gesi ni jepesi kutumia. Mfasiri akaandika "jiko rahisi". Unaona tatizo. Neno rahisi limebeba vitu viwili, kisicho na ugumu na cha bei ya chini, na mteja alikuwa anauza jiko la ghali. Tulibishana saa nzima juu ya neno, na katika mabishano hayo ndipo mkakati halisi ulipojitokeza: mnunuzi wetu hakuogopa ugumu wa jiko hata kidogo. Aliogopa kuonekana amenunua cha bei ya chini na kukiita cha kisasa. Angalia tena tofauti ya "bei rahisi" na "bei nafuu". Nafuu ni neno la mgonjwa aliyeanza kupona. Ukimwambia mtu bei ni nafuu unamwambia utapumua, hujamwambia huna hela. Mtu aliyekulia ndani ya lugha anaijua tofauti hiyo kabla hajaifikiria. Kwa nini basi aandike brifu kwa lugha ambayo tofauti hiyo haipo? Jaribu mwezi mmoja kuandika brifu zako kwa Kiswahili tangu mstari wa kwanza. Utashangaa ni sentensi ngapi ulizozoea zitakataa kuandikika, kwa sababu hazikuwa na kitu ndani.

Sasa chaguzi zako tatu, nizichukue kuanzia ya mwisho.

Takwimu, soma, kwa kiasi cha mtu ambaye hataki kudanganywa. Usifikiri utawashinda waliozisomea. Jua sampuli inavyopatikana, na nani anabaki nje yake. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na takriban theluthi mbili wako vijijini. Mtu anapokuletea utafiti wa mtandaoni wa watu 600 na kuuita "Watanzania wanasema", uwe na maswali. Jua pia kufanya jaribio la kimasoko la gharama ndogo: tangazo la redio Mwanza, Mbeya pasiwe na kitu, bidhaa ipatikane sawasawa kote, kisha mlinganishe mauzo ya miezi mitatu na ya kabla. Tuna redio za mikoa nyingi, na hilo ni bahati ambayo hatuitumii. Na ujifunze kutilia shaka hata kanuni nzuri. Les Binet na Peter Field, watafiti wa matangazo wa Uingereza, walionyesha mwaka 2013 kwamba mgawanyo wa takriban asilimia 60 kwa kujenga chapa na 40 kwa kuchochea mauzo ya haraka ulifanya vizuri. Ni kazi ya maana sana, mimi mwenyewe naitumia kuwazuia wateja kutumia kila shilingi kwenye promosheni. Lakini ilitokana na kampeni zilizoshindanishwa kwenye tuzo za ufanisi za Uingereza. Nimesikia watu Nairobi wakiitaja kama aya ya kitabu kitakatifu, kwa bidhaa ambayo nusu ya maduka hayana.

Upande wa mteja, nenda ikiwezekana, miaka miwili au mitatu, kisha uamue. Nenda hasa mahali ambapo usambazaji unasumbua. Utaona vitu ambavyo kampuni ya matangazo haionyeshwi: bidhaa inavyokatika dukani wiki ileile tangazo linapopanda hewani, punguzo la wauza jumla linavyokula bajeti yenu, meneja wa mauzo anavyowacheka watu wa chapa. Mimi sikwenda, na hilo ni moja ya mambo ninayojutia. Hatari yake ni kuzoea. Ukikaa muda mrefu unaanza kusema "wateja wetu wanatupenda" bila mtu wa kukupinga, na yule Pollitt aliyemtaka mezani unakuwa si wewe tena.

Kukaa ulipo, ndiyo, kwa sharti. Nenda kwa mkurugenzi wako, usiende kutetea idara. Mwambie brifu za dakika tano aziache kwa mashine, wewe utazisahihisha. Kisha mpe kitu chenye bei: siku kumi za mtaani kwa mteja mmoja, maduka kadhaa, nyumba kadhaa, mwisho kurasa tatu za Kiswahili zenye jambo moja la kufanya na mambo matano ya kuacha. Iwe kwenye ankara kwa jina lake, hata kama mara ya kwanza bei ni ndogo. Mchague mteja ambaye mauzo yake yamekwama na hajui sababu. Anayefurahia mambo yake hatalipa. Ukiingia majumbani omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usihifadhi majina ya watu bila sababu. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 ipo, na hata isingekuwepo, jikoni kwa mtu ni jikoni kwa mtu.

Akikataa hata hilo, basi amekujibu, na usisubiri mwakani. Idara za watu watano sidhani zitarudi, hapa wala Nairobi. Ninachokiona kikija ni watu wawili wawili, wengine wakifanya kazi kwa mkataba wa mradi, wengine ndani ya kampuni za ushauri wa biashara, ambazo zimeanza kuingia uwanja huu. Accenture, mojawapo ya kampuni hizo, iliinunua kampuni ya matangazo ya Droga5 tangu 2019. Malipo yatakuwa bora kwa wachache na hayatakuwepo kwa wengi.

Kinachonisumbua kuliko yote hukukiuliza. Mimi nilijifunza kwa kufanya zile kazi za kuchosha: kunakili mahojiano ya kanda usiku kucha, kuhesabu majibu kwa mkono. Katikati ya uchovu huo ndipo sikio langu lilipozoea watu wanavyosema jambo moja huku wanamaanisha jingine. Mashine imeichukua ngazi hiyo ya chini, na sijui kijana wa miaka 22 anayeingia leo atapandia wapi. Wewe una miaka minne, umeshapanda kidogo. Mwenzako mliyebaki naye, kama ni mdogo kwako, mchukue Mbagala. Nendeni jioni, saa kumi na moja, wakati watoto wanatumwa dukani.